Burito, Mwalimu Aliyefundisha Kiingereza kwa Miguu

Ifikapo tarehe 30 Juni 1994, Mwalimu Stanislausi Burito atakuwa ametimiza miaka thelathini ya kazi, ishirini na miwili kati ya hiyo hapa shuleni kwetu, na atastaafu kwa mujibu wa sheria. Sheria inasema amechoka. Anayetaka kujua kama sheria inasema kweli aende nyuma ya bwalo asubuhi yoyote, amtazame mtu wa miaka hamsini na mitano akiwaonyesha watoto wa kidato cha kwanza tofauti ya hop na leap kwa kuziruka mwenyewe.

Alizaliwa Mugango, katika nyumba ya wavuvi, akaanza kazi Nyegina akifundisha darasa la tatu. Mwaka 1972 akaletwa kwetu, huku kwenye ng'ombe wengi na maji machache, kati ya Bunda na Butiama. Alikuja na sanduku, baiskeli na imani moja: kwamba neno ambalo mwili haujalifanya, kichwa hakitalishika.

Imani hiyo ilionekana ya kuchekesha mpaka ilipofika miaka ya shida. Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, chaki hakuna. Tuliandikia makopa ya muhogo, na wanafunzi wenye njaa wakaila chaki. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja kwa darasa zima, nacho kilianzia ukurasa wa kumi na tisa. Walimu wengine tulifanya nini? Tuseme ukweli, jarida hili la shule si la kubembelezana: tuliwanakilisha watoto wasichokielewa, kisha tukawachapa kwa kutokielewa. Burito alilitoa darasa nje.

Uwanjani ikaingia kamusi nzima. Watoto wa ziwani walionyesha sway kama mtumbwi uliofungwa gatini. Stride, hatua ndefu, ilikuwa ya wachungaji, tiptoe ya aliyechelewa misa, na strut, mwendo wa maringo, ilikuwa mali ya jogoo wa mpishi, ambaye alihudhuria vipindi vingi kuliko wanafunzi kadhaa. Kila neno la Kiingereza Burito alilidai mwenzake wa nyumbani, kwa Kijita, Kizanaki au Kikurya, na mwenzake wa Kiswahili. Wasomi wetu wanaopenda kutangaza kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno wangekaa pale kipindi kimoja tu. Wangesikia kuchupa, kunyata, kutimka, kudunda, kunengua, kuserebuka, na wangerudi kwao kimya. Umaskini huo ni wa wasemaji wavivu.

Alikosea pia, tena kwa furaha. Kamusi ilimwambia waltz ni dansi ya watu wawili wawili wanaozunguka. Hakuwahi kuiona, basi akaitunga: bega kwa bega, kukanyaga kwa kishindo, kuzunguka kama ng'ombe kwenye lambo. Mwaka 1988 akapita mgeni wa Ulaya, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaonyesha ile yenyewe. Kesho yake Burito alijisahihisha paredi mbele ya shule nzima, akaongeza kwamba waliokwisha kumaliza shule Mungu awalinde. Ya kwake hakuifuta. Aliiita waltz ya Bunda.

Lakini ukitaka kumjua mtu huyu, rudi mwaka 1983. Gati binti Keraryo alikuwa kidato cha pili, wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na msichana pekee wa kijiji chao aliyevuka darasa la saba. Baba yake, mfugaji wa upande wa Butiama, aliambiwa na mtu baada ya misa kwamba shuleni wasichana wanafundishwa disko. Akaja na fimbo, na kamba ya kufungia sanduku la binti yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kamba ile. Msichana aliyeondolewa shule miaka ile hakurudi. Aliolewa.

Aliwakuta wanaruka.

"Mwalimu, mimi huyu nilimleta kusoma," alisema. "Kuruka anarukaga nyumbani, bila mwalimu!"

Mkuu wa shule wa wakati huo alianza hotuba juu ya elimu na ujenzi wa taifa, ile tunayoijua sote. Burito alimwomba mzee akae kwenye jiwe, kisha akamgeukia binti.

"Gati, mwonyeshe baba kazi ya leo."

Gati akavunja kijiti uani, akaanza kumwigiza baba yake mwenyewe. Kwa Kiingereza kilichonyooka alieleza jinsi baba yake anavyokwenda nyuma ya ng'ombe, he strides, na akaenda hivyo. Ndama wakacheza, they frisk. Ng'ombe mzee akajivuta, she plods. Dume likashambulia, baba akalikwepa. Halafu jioni ikafika, baba akatoka kilabuni, na hapo, he staggers. Gati akayumba kushoto, akayumba kulia, akaushika mlango usiokuwepo.

Darasa lilivunjika mbavu, kisha likamkumbuka aliyekaa kwenye jiwe.

"Hilo la mwisho ndiyo nini?" Keraryo aliuliza.

Mkuu wa shule alieleza haraka kwamba ni kutembea kwa uchovu.

"Ni kuyumba, mzee wangu," Burito alisema. "Kama mtu aliyekunywa."

Keraryo alimwonyesha binti yake kwa fimbo. "Yaani huyu mambo yangu yote anayajuaga kwa Kizungu?"

"Yote. Na bado yuko kidato cha pili."

Kicheko cha mzee yule kilisikika mpaka jikoni. Akaizungusha kamba, akaitia mfukoni. "Basi abaki, amalize. Lakini mwalimu, hilo la mwisho usilifundishe tena. Watoto wa jirani zangu wote wanakujaga hapa!"

Burito alimpa mkono, na ahadi akaishika. Miaka yote hii shule yetu imefundisha kila mwendo wa binadamu na mnyama isipokuwa huo mmoja. Mkaguzi alipouliza kwa nini stagger haimo, aliambiwa kwamba neno hilo lina mwenyewe.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Yakaja mashati ya mitumba, kaseti, redio za betri sita na disko mjini Bunda. Vitabu vilikuja mwisho, na nchi inayopokea suruali kabla ya vitabu ina swali la kujibu. Wanafunzi walipotoroka kwenda kucheza, wengi tulitafuta fimbo. Burito aliwadai insha ya kila walichoona kikitikisika. Aliyeandika wriggle, kujinyonganyonga, mahali pake alisamehewa nusu ya adhabu.

Januari mwaka huu Gati amerudi kwetu, safari hii kama mwalimu, na ndiye atakayeshika vipindi vya Burito. Wale wanaoamini kwamba Kiingereza huingia kwa kiboko, na baadhi yao wanalisoma jarida hili, watuletee na wao Gati wao. Tutasubiri.

Mwalimu Burito anarudi Mugango pamoja na mkewe, Mama Hyasinta, anayeapa kwamba hajawahi kumwona mumewe akicheza harusini hata mara moja. Hukaa kwenye kiti na kutaja wengine wanafanya nini. Siku ya kuagana hatutampa kiti. Bwaloni itachezwa waltz ya Bunda, ile isiyo sahihi, na Mzee Keraryo atapiga litungu, ala yake ya nyuzi.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kila hatua. Ziwa likupokee vizuri, nyavu zako zirudi nzito, na magoti yako yaendelee kuikaidi sheria. Mzee Keraryo naye ametuma salamu kupitia kwa binti yake. Anasema jioni hiyo, baada ya chakula, lile neno ni ruksa, na atakuja mwenyewe kulifundisha.