Ndoo ya Mado na Ute wa Kivumbasi

Kijiwe chetu cha Shituru kiko mbele ya nyumba ya Mado, muuza kahawa, na mwaka ule wa tisini na nne kilijaa kila asubuhi, maana kiwanda cha shaba kilikuwa kimefungwa na kazi zilikuwa zimekwisha. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka wiki nzima. Mado alibaki na maji ya kisima kilicho karibu na lundo la tope la shaba, mekundu kama tofali. Alituapia kwamba kesho anafunga biashara, na hajui watoto atawalisha nini. Hapo Clovis, mtu wa maabara ya kiwanda zamani, akamwaga mbegu za kivumbasi ndani ya glasi yenye maji.

— Angalieni! Kila mbegu inajivalisha ute! Natia wino ya kalamu ya bic kidogo... Munaona? Wino inakataa kuingia mu ule ute. Na ndani muko nyuzi kidogo-kidogo, zimesimama pande yote. Njo zinakamata ute usitoke.

— Kama nywele ya Zéphirin akiamuka! Mado alicheka.

— Na inasaidia nini? aliuliza Zéphirin, tunayemwita Ministre, yaani waziri, kwa sababu ya ahadi zake.

— Inashusha tope! Ku usine, kule kiwandani, mu ile bassin kubwa ya maji ya shaba, tulikuwa tunatia dawa, floculant, tope inashikana, inaenda chini. Ute nao ni vile!

Tulikoroga ute kwenye ndoo. Haikupita nusu saa, tope likalala chini, maji yakang'aa juu. Tulipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

— Tutapaka ute ku mbegu ya mahindi, ikamate maji, mvua ichelewe tu! alisema mmoja wetu.

— Tutauzisha ku Zambie! mwingine akadakia.

— Weye! Usine itafunguka, bazungu batakuja kutuomba kazi! Ministre alikuwa amesimama juu ya benchi.

Mado, machozi ya furaha machoni, alikwisha kuchota birika la kwanza. Ndipo Martine, mke wa Clovis, akafika na bidon yake tupu ya kuchotea maji.

— Papa Clovis, miaka yote ulikuwa unaniambia, mu bassin ya usine tope munatupa, cuivre, ile shaba yenyewe, inabakia mu maji ya clair, yale yanang'aa. Njo vile?

— Njo vile.

— Sasa mu hii ndoo iko wapi?

Tuliinama. Maji yalikuwa mazuri kweli, yana ubuluu kidogo, ubuluu wa shaba. Clovis alifunika birika kwa mkono, mtu asinywe sumu ile. Mimi niliona aibu, maana ndimi niliyepiga makofi kuliko wote. Mado alimwaga birika, akaanza kurudisha vikombe ndani, kimoja kimoja.