Mzee Sekta na Z Yenye Mkono

"Mimi sijawahi kukosea sekta, na leo sianzi!" Ndivyo Mzee Sekta alivyowatangazia wajumbe mia mbili ukumbini, Mei 1983, jasho likimchuruzika. Alikuwa amekosea.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Shuleni alisifiwa kwa hesabu na kuchapwa kwa mwandiko; mwalimu alisema kuku akikanyaga wino angesomeka vizuri zaidi. Mwaka 1976 alihitimu stashahada ya mipango, akaajiriwa ofisi ya mkoa, chumba namba saba, kile chenye dirisha lisilofungika.

Kazi yake ilikuwa kuchagua sekta za kipaumbele, yaani zile shughuli chache ambazo mkoa mzima ungezitilia nguvu. Alizunguka miaka miwili, akahoji, akajumlisha, akaandika: nyuzi, za mkonge na pamba. Lakini Z yake ilikuwa na mkono. Mpiga chapa, binti mmoja wa ofisini, akasoma K. Zikatoka nakala mia nne: nyuki.

"Nani kaingiza wadudu humu?" mkuu wake alifoka mbele ya wajumbe. "Kama ni huyu binti wa mashine, leo leo anafungasha!"

Binti akainamia viatu vyake. Marehemu, ambaye akiona nyuki mmoja hupanda mezani, akasimama. "Ni mimi, mkuu. Nilimaanisha nyuki." Kisha akajigamba kama mlivyosikia.

Mizinga elfu tatu ikatundikwa, na kweli watu wakasomesha watoto kwa asali. Hadi alipostaafu mwaka 2011 aliikagua kwa darubini, akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Marehemu alimuoa binti huyo tarehe 14 Januari 1984. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu.

"Mwandiko wako!"

"Macho yako, mama watoto!"

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Siku mbili kabla ya mwisho, sauti imekauka, aliomba kalamu, akaandika neno moja, akampa mkewe. Mama akavaa miwani.

"Nyuki," akasoma.

Mzee alicheka mpaka muuguzi akaja mbio.

Alifariki tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi. Hakuumwa na nyuki. Majirani waache maneno.

Ameacha mke, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, na mizinga kumi na miwili ambayo hakuwahi kuisogelea. Alale salama, pasipovuma kitu. Asali ya mizinga hiyo iko mlangoni. Chupa ya nusu lita ni elfu nane.