Lungi Zilizonitoa Kwenye Wadi ya Ghala

Bwana asifiwe! Na ninyi mnaotafuta viti huko nyuma, asifiwe mara mia, maana leo ningekuwa nimesharudishwa Kakamega ndani ya sanduku!

Ndugu zangu, ilikuwa Ijumaa alasiri, nakuja ibadani na kinanda cha kwaya kwenye kiti cha nyuma. Pale Ghala, wadi inapokatiza barabara, ule mto mkavu wa nchi hii ya Waarabu, niliona maji kidogo tu, ya kuoshea vikombe. Kando walikuwa jirani zangu Wabangladeshi, mafundi wa gereji, wanapika samaki nje ya chumba chao, kila mmoja na lungi yake kiunoni, ile shuka kama kikoi. Shafiki, fundi wa matairi, akanipungia mwiko na kunipigia kelele kwa kile Kiarabu chetu cha kazini.

"Sadiki, rafiki, rudi! Milimani kumenyesha!"

"Bhai, ndugu yangu, mimi mtu wa Kakamega!" nikamjibu. "Hiyo mnayoita mvua, kwetu ni jasho la mawingu!"

Juu yangu mbingu buluu, jua linachoma. Nikakanyaga mafuta.

Ndugu zangu! Ukuta wa maji ya matope ulishuka, mrefu kama ghorofa tatu, haya basi, moja, umebeba mawe na mapipa ya taka! Gari likainuliwa kama kiberiti, likakwama kwenye jiwe, likaanza kulala ubavu. Nikatokea dirishani, na mwili huu mnaouona, nikapanda juu ya paa. Maombi yote niliyoyajua yalinitoka. Likabaki neno moja: "Yesu!" Nadhani hata Dubai walinisikia.

Sasa sikieni alichofanya Mungu! Shafiki aliwaita wenzake kwa Kibangla. Wale wanaume, ambao sijawahi kuona goti la hata mmoja, ambao huoga bombani wamejifunga lungi, wakazivua! Mchana kweupe, magari yamejaa pande zote, watu wameinua simu! Wakabaki na chupi, dada zangu mnisamehe. Wakafunga lungi kwa lungi, mafundo ya watu waliozaliwa kwenye mafuriko, wakashikana mikono, wakaingia majini, Shafiki mbele.

"Shika, mtu wa Kakamega!" akanirushia ncha. "Jasho limekuwa jingi!"

Nikashika. Gari likaondoka chini ya miguu yangu pamoja na kinanda chetu. Sijui sasa kinapigwa na samaki gani.

Nilipovutwa ukingoni natetemeka, mpishi wao alitoka chumbani na lungi moja kavu. Moja! Wanaume wazima wamesimama hivyo, wanapigwa picha, na wakanifunga mimi. Mimi niliyekuwa na suruali na tai!

Hapo ndipo nilipolia. Niliita jina la Yesu, na waliokuja walikuwa wametoka kuswali msikitini. Ndugu zangu, Mungu ni mkubwa kuliko nilivyofundishwa! Namshukuru, na nawashukuru wale ndugu.

Nawe ambaye maji yanakupanda leo, mwite. Atakutupia kamba. Ukiiona, usiulize imesokotwa na nani. Shika!