Bibi Glavu Anavua Glavu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, daktari wetu wa wanyama, ambaye kliniki nzima humwita Bibi Glavu, anastaafu rasmi.

Jina hilo alilipata kwa haki. Mbwa dume mzee hakutoka chumbani mwake bila kupimwa tezi dume kwa kidole, hata kama kilichomleta ni sikio lililochanika. Wenye mbwa walitazama pembeni kwa aibu. Mbwa walitutazama sisi wasaidizi kana kwamba tumewauza. Yeye alifumba macho, akaguna wimbo usio na maneno, na chumba kizima kikatulia, jua la saa tisa likitambaa polepole sakafuni. Wageni walidhani amesinzia. Kumbe alikuwa anasikiliza kwa ncha ya kidole, na uvimbe mwingi aliukamata mapema kwa namna hiyo.

Ila waliohasiwa aliwaruka. Aliamini, na akatufundisha sote, kwamba mbwa aliyehasiwa hapati saratani ya tezi dume. Kisha mlinzi wetu wa geti, mgane asiye na mtoto, akamleta mbwa wake, ambaye Daktari mwenyewe alimhasi zamani. Mbwa alikuwa anachuchumaa muda mrefu bila kupata choo. Mara tatu alipewa dawa ya kulainisha tumbo. Mara ya nne miguu ya nyuma ilikuwa inayumba, ndipo Daktari akavaa glavu. Siku ile hakufumba macho. Uvimbe ulikuwa mgumu kama kokwa, na picha ikaonyesha saratani imeshafika kwenye mifupa ya kiuno.

Angeweza kunyamaza, na sisi tungenyamaza naye. Badala yake alitoka, akaketi kwenye benchi la geti, akamwambia mlinzi kwamba amekosea, kwamba alipaswa kumpima siku ya kwanza. Mlinzi aliuliza tu kama mbwa anaumia. Kwa wiki saba Daktari alipeleka dawa ya maumivu pale getini kila mchana, wakakaa kivulini, mbwa akilala katikati yao. Mwisho alimlaza mbwa usingizi wa milele yeye mwenyewe, kwa sindano. Kesho yake alitukusanya, akafuta mstari alioandika katika mwongozo wetu: sasa kila dume mzee hupimwa, awe amehasiwa au la. Mimi nililia, wala sioni haya kusema.

Kwa miaka minne iliyofuata mlinzi alimfungulia Daktari geti kwa salamu fupi. Wiki iliyopita akaja mapokezi na mbwa mwingine, dume la makamo, akapanga foleni. Tulimwambia mlinzi kwamba Daktari amebakiza siku tisa tu, na kwamba daktari mpya atakayeshika nafasi yake hana mtu kwenye foleni. Akajibu kwamba ana muda wa kungoja.

Daktari, asante kwa mikono yako, na kwa kusema kosa lako kwa mdomo wako. Tunakuombea afya, siku ndefu, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Mlinzi, tulipomwomba aongeze neno hapa, alisema inatosha tukiandika kwamba wewe ni daktari wake.