Goti la Didas

Basi lilipotoka kituo cha reli cha Liuhua, Mzee Abednego alijifanya anasoma majina ya vituo kwa Kichina, asichokijua, ili asikie vizuri Kiswahili cha kiti cha mbele.

Kijana mwenye furushi la viatu alikuwa akimweleza jirani yake, mwanafunzi wa sheria, mambo yake. "Mimi Didas, dada. Goti liliteguka kwenye mchakamchaka, ofisa akasema nategea. Wakanifukuza jeshini kabla ya kuapa, na cheti kikaandikwa utovu wa nidhamu. Sasa nataka kurudi nyumbani niombe kazi zimamoto, lakini si kwa cheti hicho."

"Cheti hurekebishwa, kaka. Tafuta shahidi."

"Nani atanikumbuka? Tulikuwa mamia."

"Ulipoanguka, ulirudi kambini kwa miguu ya nani?"

"Walinibeba wawili. Kuruta haachwi njiani."

"Basi mashahidi unao, na bado unalia kama laoban, mwenye duka aliyekosa wateja."

Mzee akakohoa ili asicheke.

"Namba ya mmoja ninayo," Didas alisema. "Ila naona haya. Yeye sasa ni sajenti, mimi nachuuza raba."

"Haya haitakusafishia cheti. Piga."

Didas akapiga, akaweka spika. Simu iliita mpaka Mzee naye akabana pumzi.

"Shikamoo, afande. Ni Didas, tulikuwa..."

"Didas?" sauti ilimkatiza. "Lile goti lilipona?"

Basi likasimama, milango ikafunguka. Kilikuwa kituo cha Mzee Abednego. Hakushuka.