Hoshina Yangu, Lumeko ya Kaka Latifu

Assalaam alaykum, ndugu, majirani na wateja wa marehemu wa Kwa Mathias. Ninayesoma ni Maulidi, mdogo wake wa tumbo moja.

Marehemu Latifu Mwinyijuma alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, Maneromango, wilayani Kisarawe, mtoto wa kwanza wa Mzee Mwinyijuma na Bi Hamisa. Alisoma huko huko hadi darasa la saba, mwaka 1970. Utotoni aliifungua redio ya baba ili amwone mtangazaji. Akachapwa, akairudishia, ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Baba akavuta kiti akasikiliza.

Ufundi wa redio aliupata Dar es Salaam, na mwaka 1979 akafungua banda la kutengenezea Kwa Mathias, Kibaha. Televisheni zilipoingia majumbani miaka ya tisini, yeye ndiye aliyeitwa. Wateja walipobishana ipi bora, aliwajibu: "Jina ni la kasha. Fungua nyuma ndipo uniambie." Alisema nyingine hutoka kiwanda kimoja zikabandikwa majina mbalimbali, kama mapacha waliolelewa na shangazi tofauti.

Tarehe 12 Septemba 1981 alimwoa Bi Zuwena Abeid wa Gwata, wakaishi kwa kusikilizana. Shemeji anasema hakuwahi kulala bila kumwomba radhi, hata asipokuwa na kosa.

Mimi ndiye niliyembishia. Mwaka 1997 kila mmoja wetu alinunua televisheni yake ya rangi: mimi Hoshina, yeye Lumeko, ya bei ndogo. Nikamwambia, "Kaka, hiyo yako watu wote kijani kama mlenda." Alicheka tu. Mwaka uliofuata nilihama Visiga kurudi Kisarawe, nikaiacha Hoshina bandani kwake siku mbili anitunzie. Nilipoifuata, kwa kuionea fahari, nikaapa kwamba hakuna fundi atakayeifungua, hata yeye. "Sawa, mdogo wangu," akasema.

Kwa miaka kumi na minne niliisifia rangi yake mbele ya wageni, naye amekaa hapo hapo anakunywa chai. Ilipozimika niliifunika kitambaa cha kufuma, nikaiweka stoo kwa heshima zote. Kiapo changu nikakishika.

Figo zilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 2023. Kila nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza, "Maulidi, umefungua nyuma?" Nilidhani anaweweseka kwa homa. Nikamjibu, "Pumzika, kaka." Alifariki jana alfajiri, tarehe 14 Juni 2025, hospitalini Kibaha, mkono wake ukiwa mkononi mwa Shemeji Zuwena.

Jana jioni nilirudi Kisarawe kuchukua mikeka ya msiba. Nikaiona ile televisheni stoo. Nikakumbuka swali lake, nikachukua bisibisi, nikafungua nyuma. Ndani, kwa mwandiko wake, pameandikwa: "Hii ni Lumeko ya Latifu. Nimebadilisha makasha, 1998. Maulidi, ukisoma hapa njoo tucheke."

Amenisubiri miaka ishirini na saba. Nilikaa chini stoo nikalia kama mtoto. Ningetoa chochote nimkute bandani walau mara moja, anitazame juu ya miwani yake.

Ameacha mjane, Bi Zuwena, watoto watatu, Firdausi, Seif na Yasmin, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja mbishi.

Kaka, nimefungua nyuma. Nimekuja, ila wa kucheka naye hayupo. Mola akusamehe, akupe pumziko jema. Amina.