Kilemba Nilichokataa Kukivua Makongolosi

Amani ya Mungu iwe kwenu, akina mama wenzangu, na ninyi akina baba mlioketi benchi la nyuma mkijifanya mmekuja kuwasubiri wake zenu. Sogeeni tu, hakuna atakayewafukuza. Mama mwenyekiti aliponiomba nisimame leo nilimwambia habari yangu ni ya nywele, watu watacheka. Akasema wacheke. Basi chekeni sasa hivi, maana huko mbele hapachekeki.

Mimi ni Msafwa, mtoto wa milimani hapa juu Mbeya. Niliolewa na kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu Makongolosi, nikamfuata huko, tukakaa nyumba moja na mama yake. Ninyi mliozoea ukungu na mvua za huku, Makongolosi hamuijui. Jua la kule linakausha kila kitu, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye ugali. Maji tulichota mbali, na mtungi ulikaa chumbani kwa mama mkwe. Yeye ndiye aliyeamua nani anywe na nani aoge. Nywele zangu ni nyingi na ngumu, zinakauka upesi. Nyumbani mama yangu alikuwa akizipaka mafuta ya nyonyo tangu nikiwa mdogo. Kule sikuwa na mafuta wala maji, nikawa nazichana hivyo hivyo kavu, zinakatika, ila nazichana.

Tukapata mtoto wa kike. Mama mkwe alimtazama, akasema haya, tunamsubiri wa kiume.

Wa kiume alikuja mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia wa Waingereza, alipotawazwa. Alizaliwa asubuhi, akalia kidogo, na jua halijatua akawa amekwenda. Mimi sikumwona akizikwa. Homa ya uzazi ilikuwa imenishika, sijitambui.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu akilala chini muda mrefu, kichwa ndicho kinachosahauliwa kwanza. Uji nililetewa, siku nyingine haukuletwa. Kichwa hakuna aliyekigusa. Nilitoka jasho la homa, likakauka, nikatoka tena. Nililalia upande mmoja kwa sababu ule mwingine uliniuma. Nilipoanza kupata fahamu nikapeleka mkono kisogoni, nikashika kitu nisichokijua. Nywele zilikuwa zimeshikana zote, ngumu kama blanketi lililoloweshwa likaachwa juani. Hapakuwa na mahali pa kuingiza kidole.

Nikaomba maji ya kulainisha. Mama mkwe akanijibu kwamba hawezi kumwagia maji kichwa kilichokufa.

Kumbe alikuwa ameshaanza kusema nje. Majirani waliokuja kunitazama aliwaonyesha kichwa changu, ananishika kidevu na kunigeuza kama mtu anayeonyesha mbuzi mwenye upele. Akawaambia kwamba hizi nywele hazikufungwa na ugonjwa. Nimezifunga mwenyewe, na nilipozifunga nikamfunga mtoto pumzi. Nilikuwepo. Nilisikia kila neno. Na mtu wa homa hana nguvu ya kubisha, akina mama. Analala pale na kusikiliza.

Siku moja mchana walikuja wawili, mama mkwe na binti yake, wifi yangu. Wifi alikuwa na chanuo la spoku za baiskeli, zile wanazonoa wakazifunga pamoja kwa waya. Wakasema leo tunaifungua laana. Wifi akakalia mikono yangu. Mama mkwe akaweka goti mgongoni kwangu, akaanza kuchana kutoka kwenye mizizi kwenda juu, kwa nguvu zake zote, kavu. Sijui niwaelezeje. Nywele hazikufunguka, zikang'oka. Zikang'oka na ngozi. Nililia mpaka sauti ikaisha, na wifi akawa anacheka, si kwa furaha, kile kicheko cha mtu anayefanya kazi ngumu na mwenzake. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwondoa.

Walipochoka wakanimwagia mafuta ya taa kichwani, juu ya vidonda. Wakasema ni ya chawa. Sikuwa na chawa.

Mume wangu alirudi kutoka machimboni jioni ile. Mtu ambaye nilimpikia na kumzalia. Alisimama akanitazama, damu na mafuta ya taa vinatiririka shingoni, na sehemu kubwa ya lile fundo bado imening'inia. Nilimwita. Akamgeukia mama yake.

"Mwondoeni," alisema. "Siwezi kulala nyumba moja na kichaa."

Basi nikaondolewa. Walinipandisha kwenye lori la mizigo lililokuwa likija Mbeya. Nilimshika mtoto, wakamtoa mikononi mwangu, maana kwa desturi mtoto ni wa baba. Hakulia. Alikuwa ananiogopa. Walishamwambia huyu si mama yako tena, ni zimwi limevaa mama yako.

Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa. Aliyebaki ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyeolewa Iringa akafiwa na mume huko, akawa anauza mboga sokoni Mlandege. Nikamwendea kwa lori jingine. Njiani watu walihama kwenye lori wakanikalia mbali, kwa ile harufu. Dereva alinipa gunia nijifunike, na mpaka leo sijui lilikuwa gunia la huruma au la kuwaridhisha abiria.

Nilifika kwa shangazi mchana. Akafungua mlango, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kaa hapo hapo nje."

Nikakaa chini. Nikajisemea, na huku nako wamenikataa, sasa nitakwenda wapi? Nililia ukutani kwake. Kumbe mwenzangu alikwenda kubandika maji, na alitaka nikae nje kwa sababu ndani kulikuwa na giza na yeye alitaka kuona vidonda kwa mwanga wa jua. Alirudi na kigoda na beseni. Shangazi yangu si mtu wa maneno matamu, hata mkimtafuta leo. Aliniambia niache kulia, machozi yana chumvi na chumvi ataiweka yeye mwenyewe ndani ya maji.

Sasa sikilizeni hapa, ninyi wenye binti na ninyi wenye wagonjwa, maana hili mnaweza kwenda nalo nyumbani. Nywele hakuzigusa. Alianza na ngozi. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kitambaa safi, asubuhi na jioni, mpaka vidonda vikakauka vyote. Mimi nilimsihi anyoe tu yaishe. Akasema wembe juu ya vidonda ni kunichinja, na tena hatanyoa kichwa cha mtu ambaye hajafiwa na mume ili kumfurahisha mwanamke wa Makongolosi.

Vidonda vilipopona akachemsha mlenda. Ndiyo, mlenda huo huo wa kulia ugali. Mama pale mbele unacheka, nami nilicheka, na kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu nizae. Aliuchuja kwa kitambaa, yakabaki yale maji ya kuteleza, akayaacha yapoe kidogo, akanimwagia kidogo kidogo mpaka lile fundo likalowa ndani. Halafu mafuta ya nyonyo. Halafu vidole. Chanuo hakulitumia. Alianzia nchani, kule mwisho kabisa, akashika shina kwa mkono mmoja ili kichwa kisivutwe, na kwa mkono mwingine akafungua. Akifungua kidogo anasuka pale pale, zisishikane tena, anahamia pengine. Tulifanya asubuhi kabla hajakwenda sokoni. Kuna asubuhi alifungua kipande kisichozidi ukucha, akasema inatosha. Mahali paliposhindikana kabisa alikata kwa mkasi, bila kuuliza.

Wakati huo wote sikuweza kuvumilia mkono wa mtu nyuma yangu. Akinyanyua mkono nashtuka, namwaga beseni. Hakunikemea kwa hilo. Alikuwa ananiambia tu, "Naanza sasa. Ni upande wa kushoto." Kila mara, kabla hajagusa.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na duka la Mhindi. Mke wake alikuwa akituona uani. Siku moja akaja na kipande cha sari ya hariri iliyochakaa, akakishika na kitambaa cha pamba nilichokuwa nikifunga kichwani usiku, akatikisa kichwa. "Hii pamba nakunywa mafuta yote," akasema. "Wewe nalala na hii." Akaondoka. Nikalala na hariri, na asubuhi nikakuta nywele bado zina mafuta. Mwenye nywele kavu atafute kitambaa kinachoteleza, hata kama ni kiraka.

Nywele zikarudi. Si zote. Hapa nyuma ya sikio pamebaki upara, hapaoti kitu tena. Lakini zilizobaki zilirudi nzito na laini. Shangazi akanisuka, na nilipojitazama kwenye kioo cha yule mama wa duka nikaingiwa na kitu ambacho nitawaambia bila kuficha. Haikuwa shukrani. Ilikuwa hamu ya kwenda Makongolosi, kusimama katikati ya uwanja wa mama mkwe, majirani wote wakiwepo, nikavua kilemba. Niwaambie tazameni laana yenu, ilikuwa uchafu na ukavu tu, na mlinichuna ngozi bure. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Wakati huo huo dereva mmoja wa lori, mteja wa shangazi, akaleta habari kutoka kule. Mume wangu ameoa mwingine. Na binti yangu nywele zake zimeshikana, bibi yake anasema amerithi kichwa cha mama yake.

Nilisafiri. Shangazi alinisuka vizuri kuliko siku zote, nikafunga kilemba juu. Nilifika pale mchana, watu wapo, kama nilivyotaka. Mtoto aliponiona akakimbilia ndani. Nilikuwa nimeshamwona. Kichwa chake kilikuwa na mafundo, na kati ya mafundo palikuwa na mistari ya vidonda. Mistari ya spoku, ndugu zangu. Naijua.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye fundo la kilemba. Mama mkwe akanijia, akasimama mbali kidogo, kama mtu anayeongea na mbwa asiyemfahamu.

"Umefuata mbegu yako?" akasema. "Mchukue. Nywele zake zimeanza kama zako. Sitaki azikwe mwingine hapa."

Mume wangu alikuwa mlangoni na mke wake mpya. Akasema neno moja tu, nisimrudishe.

Nikasimama pale na mkono kichwani. Nikaelewa kitu. Nikivua kilemba, watu wote wataona kwamba nywele ni nywele, kwamba maji na mafuta yanatosha. Na nikishawaonyesha hivyo, mtoto hana laana. Na mtoto asiye na laana ni wa baba yake, atabaki pale, chini ya goti lile na chanuo lile. Uongo wao ndio uliokuwa unanipa mtoto.

Nikashusha mkono. Maneno yote niliyolala nayo nikayameza, akina mama, na yalikuwa machungu kuliko uji wa homa. Niliinamisha kichwa kama mwenye laana. Nikaingia ndani, nikamvuta binti yangu kutoka chini ya kitanda, anapiga mateke, ananiuma mkono, nikatoka naye. Yule mke mpya alicheka. Mama mkwe akatemea mate nyayo zetu. Nilimwacha ateme.

Msidhani mtoto alinikumbatia. Njia nzima alikaa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Tulipofika Mlandege alikataa kuguswa, si na mimi, si na shangazi. Tulimpa chakula, tukamwosha mwili, kichwa tukakiacha. Tulikaa hivyo mpaka msimu ukabadilika. Siku moja ananiona nachuja mlenda wangu mwenyewe, akaja akakaa mbele yangu, mgongo amenipa.

"Utanivuta?" akauliza.

"Sitakuvuta."

"Bibi naye alisema hivyo."

Nilimwambia tu, naanza sasa, ni upande wa kulia.

Namshukuru Mungu aliyeniinua chini. Namshukuru shangazi yangu, mwenye ulimi mkali na vidole vyepesi. Namshukuru yule mama wa duka, ambaye hakuwa wa dini yetu wala lugha yetu, na hakuniuliza nimelaaniwa na nani. Na somo langu si refu. Nyumbani kwenu mkiwa na mgonjwa aliyelala, nendeni leo mkashike kichwa chake. Msimvute mtoto nywele kwa hasira. Loweka, paka, anzia nchani, mwambie kabla hujamgusa.

La mwisho ni ombi. Sasa naishi hapa Mwanjelwa, nasuka watu, na binti yangu yuko hapo nje na wenzake. Makongolosi si mbali, na baadhi yenu mna ndugu huko huko Chunya. Kule bado wanaamini sisi wawili tuna laana. Mkiwaona watu wa nyumba ile, waulizeni hali zao, wapeni salamu za kawaida. Lakini wakiwauliza habari zangu, waambieni mmeniona kanisani, na kwamba bado nafunga kilemba.